Dawa Niliyompikia Tabibu Anselmi

Anselmi alizikwa Jumamosi, Biharamulo, nami nilikwenda kuhakikisha. Sikuwa na sababu nyingine. Nilitoka Ngara asubuhi na mapema nikiwa nimevaa kitenge kipya na kushika leso ambayo sikuitumia, nikapanga mstari pamoja na waombolezaji, na nilipofika kwenye jeneza nikamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma kidogo kwa kiwiko. Alikuwa amezeeka vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Mashavu yalikuwa yamejaa, mvi zimechanwa, mikono imefungwa rozari kama ya mtu aliyeisali. Mkwe wake aliyesoma wasifu alisema marehemu aliwahudumia wakimbizi wa Ngara kwa moyo wa upendo, hata tumbo likamharibikia huko huko kazini, nusura afe. Watu wakaguna kwa huruma. Katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua tumbo lile liliharibika vipi, maana niliyeliharibu ni mimi, kwa mikono hii, kikombe kwa kikombe, kwa majuma sita. Nilipokaa chini ya turubai nikila wali wa msiba wake, nilijichunguza kama ndani yangu kuna majuto. Nilikuta njaa tu. Nikaomba waniongeze nyama.

Mwaka walioingia wakimbizi kutoka Rwanda nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi Mbuba kwa shangazi yangu Leokadia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi, na ukitaka kuijua ile nyumba ni lazima uanzie jikoni. Palikuwa na vyungu vitatu. Kimoja cha ndizi na maharage, kimoja cha maji, na cha tatu, cheusi, chenye mdomo uliomeguka, kilikuwa cha magome. Chini ya migomba yetu, mwendo wa kama robo saa, palikuwa na mto, na kando ya mto iliota miti ya majani membamba iliyoinamia maji. Padri alituambia kwamba katika Biblia mti huo unaitwa mwerebi. Sisi tuliuita mti wa mtoni, basi. Shangazi alikata matawi ya ukubwa wa kidole gumba, akayabandua gome kwa kisu kidogo, akalianika barazani mpaka likajikunja. Hakugusa shina hata siku moja. “Ukimvua mtu nguo zote atakufa na baridi,” alisema. Gome lililokauka alilichemsha taratibu mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, nayo yalikuwa machungu, ya kukausha ulimi. Ilikuwa dawa ya kichwa. Si ya kila kichwa. Ilikuwa ya kile kichwa kinachoanzia shingoni na mabegani, kikapanda, kikabana pande zote mbili kama kitambaa kilichofungwa kwa hasira.

Na mwaka ule vichwa vya namna hiyo vilikuja kwa maelfu, kwa miguu. Kilima kilichokuwa malisho kiligeuka buluu kwa maturubai katika muda wa siku chache. Wanawake wa kambini walipita kwetu wakitafuta kuni, mizigo kichwani, watoto mgongoni, macho yakiwa bado yanatazama mambo waliyoyaacha ng'ambo. Lugha yao na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo walikaa barazani wakazungumza na shangazi, nami nikasikia kutoka jikoni mambo ambayo mpaka leo sijayasimulia. Shangazi hakuwauliza habari za vita. Aliwauliza, “Kinabana wapi? Umekula? Una mimba? Tumbo linakuunguza ukiwa na njaa?” Mwenye mimba hakumpa. Mtoto hakumpa. Mwenye vidonda vya tumbo alimkatalia hata akilia. “Gome hili linapenda kukuna,” aliniambia mara nyingi, akinishika sikio ili nisisahau. “Tumbo zima litalistahimili, ukilinywa baada ya chakula. Tumbo lenye kidonda litatoka damu. Umesikia, Jenerosa?” Nilisikia. Nilisikia vizuri kuliko alivyotaka.

Mimi nilipata kazi ya ukalimani kwenye zahanati ya kambi, kwa sababu nilimaliza shule na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mgonjwa na Anselmi. Kwa cheo alikuwa tabibu, lakini wote tulimwita daktari na yeye hakutusahihisha. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, kijana bado, mwenye sauti nzuri na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe kwa mkaa. Sitaki kusema alikuwa mvivu. Aliona watu wengi kwa siku, wengi mno, na nadhani kufikia mwezi wa pili alikuwa ameacha kuwaona. Aliniangalia mimi, akaandika, akasema, “Mwingine.”

Speransia alikuwa mwalimu huko alikotoka. Alikuja kwetu mara tatu kwa kichwa cha kubana, akanywa, akapata nafuu, na mara ya tatu alituchekesha kwa kuigiza sauti ya mkaguzi wa shule. Mara ya nne aliletwa na jirani yake, akiwa amemwegemea, mwili unawaka. Shangazi aliacha maharage aliyokuwa akichagua. “Weka kidevu kifuani,” akamwambia. Speransia akajaribu. Shingo ilikataa. Shangazi akaweka kiganja nyuma ya kichwa chake, akajaribu kukiinamisha polepole, yule mama akapiga kelele. “Hiki si kichwa changu,” alisema shangazi, na uso wake ulibadilika. “Jenerosa, mpeleke zahanati sasa hivi. Waambie shingo haikunjiki. Usimwache mpaka umwone amelazwa kitandani.”

Tulifika Anselmi akijiandaa kwenda kula. Nilimweleza yote: homa, shingo, na jinsi alivyopiga kelele. “Shangazi yangu anasema huyu alazwe,” nikamalizia.

Alicheka, si kwa ubaya sana, kama mtu anayemcheka mtoto. “Shangazi yako ana cheo gani hapa?”

“Daktari, mguse shingo tu.”

“Wote wanaumwa kichwa, Jenerosa. Hata mimi.” Hakuinuka. Aliandika kwenye kitabu cha wagonjwa, akampa panadoli, akasema arudi kesho kama hajapona. Kesho yake alasiri Speransia alikufa chini ya turubai lake, mgongo ukiwa umepinda kama upinde. Mama daktari, Mzungu aliyekuwa mkuu wa zahanati, alitaka kujua kwa nini mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo hakuletwa mapema. Na kwenye vitu vya marehemu kilipatikana kitambaa chenye magome aliyopewa na shangazi. Anselmi alikishika kwa ncha za vidole, akakinusa. “Hawa waganga wa kienyeji watatumalizia watu,” alisema. “Amepewa sumu.”

Kikao kilifanyika kwenye hema la dawa. Alikuwepo mwenyekiti wa kijiji, askari mmoja, mama daktari, na Sista muuguzi aliyemtafsiria kwa Kiingereza. Askari aliniuliza, “Wewe ndiye mkalimani. Daktari anasema marehemu hakuletwa hapa juzi. Alifika, au hakufika?” Anselmi alikuwa amekaa mbele yangu akizungusha kalamu. Hakunikazia macho. Aliniangalia tu kwa upole, kama tunaelewana. Nilifikiria kiti changu cha plastiki. Nilifikiria jinsi watu walivyonisalimia sokoni tangu nilipokikalia. “Sikumbuki,” nilisema. Askari akauliza tena, na mimi nikasema tena, “Sikumbuki,” na hakuna aliyewaza kufungua kitabu cha wagonjwa. Nimesema maneno mengi maishani mwangu, mengine ya aibu, lakini hilo moja ndilo ninaloamka nalo.

Walikwenda kumchukua shangazi siku ya gulio, ili watu waone. Mgambo walitoa vyungu vyote vitatu, hata cha ndizi, wakavivunja barabarani. Mtu mmoja akasema mchawi, wa pili akasema muuaji, na kufikia jioni hakuna aliyebaki wa kusema vingine. Alikaa mahabusu siku kumi na tisa, bila mashtaka, kisha wakamwachia bila maneno. Alirudi kwa miguu akichechemea, maana walimpiga nyayoni. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na dagaa. Nikamtengea, nikakaa mbele yake nikingoja aniulize. Alijua. Kijiji kizima kilijua nilichosema. Alinawa, akamega tonge, akaniangalia. “Wewe umekula?” aliuliza. Hakuuliza lingine, siku ile wala nyingine. Jumapili yake wanawake wa jumuiya walisogea kwenye benchi, kidogo kidogo, hadi akabaki amekaa peke yake na nafasi ya watu watatu kila upande. Angenipiga, nadhani chuki yangu yote ingeniishia mwilini mwangu mwenyewe. Kwa kuwa hakunipiga, ilitafuta mtu mwingine, na haikuhangaika sana. Kila asubuhi Anselmi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, koti limepigwa pasi.

Msimu wa mvua za masika, Anselmi alianza kuumwa kichwa. Nilimwona akijikanda shingo kati ya mgonjwa na mgonjwa, akifumba macho, akibonyeza paji la uso kwenye ukingo wa meza. Panadoli alizimeza kama karanga. Na nilikuwa najua jambo lingine juu yake ambalo mtu anayekaa naye kutwa hawezi kukosa kulijua: alikuwa na chupa ya maziwa chini ya meza na vidonge vyeupe vya kutafuna, na saa tano, kabla ya chakula, aliweka ngumi chini ya kifua na kupumua polepole. Vidonda vya tumbo. Siku moja, wagonjwa walipokwisha, alifunga pazia la hema. “Jenerosa,” alisema kwa sauti ya chini, “ile dawa ya shangazi yako. Kweli inasaidia?”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Dawa ipi, daktari?”

“Usinifanye mtoto. Ya kichwa. Aspirini siwezi, inanikata tumbo, na hizi nyingine zimenizoea. Ya miti haina kemikali. Haiwezi kunidhuru.”

Mtu aliyeapa mbele ya askari kwamba ni sumu. Na anaiomba! Nilimwangalia, nikahisi kitu kinatulia ndani yangu, kama maji yanapoacha kuchemka. “Haiwezi, daktari,” nilimjibu. “Ila uinywe asubuhi, kabla ya kula chochote. Ndipo inapofanya kazi.”

Nilikata magome mwenyewe, na nilikata pia kwenye shina, kwa sababu huko ni mazito na sikujali tena mti kufa na baridi. Nilichemsha kwenye kopo la mafuta ya msaada, nyuma ya nyumba, shangazi alipokuwa shambani. Nilitumia magome mara tatu ya kipimo chake. Kila asubuhi nilimwekea Anselmi kikombe mezani, akanywa akikunja uso, na baada ya juma moja akaniambia kichwa kimeachia. Hilo nalo ni kweli na sitalificha: dawa ilifanya kazi. Alianza kutania wagonjwa. Aliniita binti yangu. Siku moja alisema, “Shangazi yako ana kipaji, usimwambie nimesema,” nami nikatabasamu, na katika tabasamu lile nilikuwa namhesabia siku. Juma la tatu maziwa yaliongezeka chini ya meza. Juma la nne alikuwa anakonda. Aliniomba nipunguze ukali, nikamwambia akiacha ghafla kichwa kitarudi maradufu. Watu husema kisasi ni kitamu. Mimi sikukisikia utamu. Nilikisikia kama kazi, kama kupalilia: unainama, unafanya mstari huu, kesho mstari unaofuata. Nililala vizuri sana majuma yale. Nilikula vizuri pia.

Jumatatu ya juma la saba aliinuka kuita mgonjwa, akashika meza, akatapika damu juu ya kitabu cha wagonjwa. Ilikuwa nyeusi, imeganda kama kahawa iliyobaki chunguni, halafu ikaja nyekundu. Wakamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe cha kupimia. Mama daktari alimtundikia maji, akamuuliza Sista maswali kwa haraka: alikula nini, alikunywa dawa gani. Hakuna aliyejua. Mimi nilisimama kando ya kiti changu cha plastiki nikajua, nikanyamaza, na safari hii kunyamaza kulikuwa kutamu kidogo.

Nilirudi nyumbani mchana kutoa habari. Shangazi alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, mbele ya kopo langu. Alikuwa ameshika kipande cha gome zito la shina. Nadhani alikuwa amelijua kopo lile siku kadhaa, akasita kuamini.

“Unampikia nani?” aliuliza.

“Anselmi.”

“Ana tumbo?”

Niliinama nichukue kopo.

“Jenerosa. Ana tumbo?”

“Anatapika damu,” nilisema. “Hivi sasa. Mwache afe, shangazi. Alikuvunjia vyungu.”

Aliinuka kwa shida, akafunga magome kwenye kanga, akaanza kushuka kwenda kambini kwa ile miguu yake mibovu. Nilimfuata nikimsihi, kisha nikimkemea, mimi, mtoto aliyemlea. Hakugeuka. Alipita mbele ya foleni yote ya wagonjwa, watu wakampisha kama anayebeba ukoma, akaingia hemani akaweka furushi mezani mbele ya mama daktari. Hakujua Kiswahili cha kutosha kwa jambo kama lile. Alizungumza Kihangaza, akaninyooshea kidole nitafsiri. “Waambie hivi,” alisema. “Huyu amekunywa gome hili. Linatoboa tumbo lenye kidonda. Wasimpe aspirini wala kitu cha jamii hiyo. Waambie nilimpa mimi, sikujua kama anaumwa.”

Nilielewa alichokuwa anafanya. Alikuwa anarudi mahabusu kwa miguu yake mwenyewe, ili mimi nisiende. Sista alikuwa ananingoja. Mwenyekiti wa kijiji, aliyeitwa kutafuta gari la kumpeleka hospitali, alikuwa mlangoni. Anselmi alikuwa kitandani, macho wazi, midomo ina damu. Na nilikuwa na kazi moja tu, ile niliyoajiriwa kuifanya, ya kusema yale yaliyosemwa.

“Anasema msimpe aspirini, hili gome ni la jamii hiyo,” nilimwambia Sista kwa Kiswahili. “Mengine aliyosema ni uongo. Niliyempa ni mimi. Nilijua ana vidonda. Nilimwambia anywe bila kula, makusudi, majuma sita. Na Speransia alifika hapa. Alikaa pale. Nilimwambia daktari shingo haikunjiki, hakuinuka kumgusa, akampa panadoli akamrudisha. Fungueni kitabu.” Kisha nikamgeukia Anselmi, maana sikutaka akose hata neno. “Hata sasa unaponiangalia hivyo, ningekuwa na kikombe kingine ningekupa.”

Sista aliweka mkono mdomoni kabla ya kutafsiri. Mama daktari alifungua kitabu, akarudisha kurasa zilizogandana kwa damu, akamkuta: jina la Speransia, kichwa, panadoli, mwandiko wa Anselmi. Alisoma kwa muda mrefu. Mwenyekiti alisema polisi waitwe, na hapo Anselmi akainua mkono wake wenye mpira wa maji, akatikisa kichwa. “Waacheni,” alisema. “Mimi sishitaki.” Watu wasiojua wangesema alinisamehe. Nilimjua kuliko hivyo. Angenishitaki mimi, angeulizwa na yeye. Siku iliyofuata alisafirishwa hospitali kubwa, akapona, kwa sababu walijua mapema alichokunywa, na walijua kwa sababu ya shangazi yangu. Barua juu yake iliandikwa, ikaenda huko barua zinakoenda. Miaka baadaye alifungua duka la dawa Biharamulo, akaitwa daktari mpaka jeneza lilipofungwa. Mimi nilifukuzwa kazi siku ile ile, nikasindikizwa hadi kwenye kizuizi cha kambi.

Tulipanda mlima kurudi Mbuba, yeye mbele, mimi nyuma. Nilidhani amekasirika kwa sababu nilijitaja. Nilikuwa najisikia mwepesi, niseme kweli, mara ya kwanza tangu kile kikao. Nilikuwa nimeyakumbuka yote, kwa sauti, mbele za watu. Karibu na nyumbani nikasema, “Angalau sasa wamejua wewe hukumuua Speransia.”

Alisimama kupumzisha miguu. “Wamejua,” alisema. “Na wamejua pia kwamba dawa inayotoka jikoni kwangu inatapisha watu damu. Mara ya kwanza walisingizia, Jenerosa.”

Wakimbizi walirudishwa kwao, kilima kikabaki kipara, hata miti ya mtoni ilikuwa imekatwa kuni karibu yote. Michache iliyobaki shangazi aliendelea kuibandua magome na kuyaanika, kwa mazoea. Kijiji kilianza kumsalimia tena. Shikamoo zilirudi, na kwenye benchi la kanisa walisogea karibu. Siku moja alikuja mama mmoja wa pale pale Mbuba, kitambaa kimemkaza kichwani, macho madogo kwa maumivu. Shangazi alifurahi, nilimwona. Alimkaribisha kigoda, akamuuliza kinabana wapi, kama amekula, kama tumbo linamuunguza. Yule mama akajibu vizuri yote. Kisha shangazi akaniita nilete kikombe, nami nikatoka jikoni nikiwa nimekishika, kina mvuke.

Yule mama aliniangalia mimi, akaangalia kikombe. Akasema lo, amesahau ameacha maharage motoni, akainuka, akaaga kwa heshima zote. Tulimtazama akishuka na njia, akijikamata shingo. Shangazi alinipokea kikombe, akakaa nacho mapajani mpaka kikapoa, halafu akakimwaga chini ya mgomba.